Sufuria Mbili Jikoni

Mxiuu! Wakubwa mnisamehe kwa kuwapokea na msonyo, ila kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitoa hapahapa kwenye benchi, kahawa ikiwa bado ya moto.

Mzee wetu wa bao mnamjua. Anakaa pembe ya kushoto, mgongo kwenye mwembe, na kwa miaka zaidi ya kumi hakuna aliyemfunga mara mbili mfululizo. Asubuhi ile aliinua mkono kuchota kete, kete zikamponyoka. Akazitazama zilipoanguka kama anayeuliza ule mkono ni wa nani. Akafungua kinywa aseme, mdomo ukaenda upande. Muuza kahawa ndiye aliyemdaka kabla hajaangukia jiko la mkaa.

Na sisi tulifanya nini? Tulibishana. Mmoja akasema katupiwa jini. Wa pili akasema ni upepo mbaya umempitia. Wa tatu akataka aitwe mtu wa kumsomea. Dereva wa bajaji alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, injini inanguruma, nasi tunapima uzito wa jini na upepo. Nusu saa ikapotea. Kwenye kiharusi nusu saa ni sehemu ya ubongo inayokufa, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakianza kukorogeka, mtu apelekwe hospitali dakika ileile. Dua anaweza kusomewa njiani.

Hospitali wakampima: 210 kwa 120. Daktari akamuuliza mwanawe, "Mzee ana presha tangu lini?" Kijana akajibu bila kusita, "Hana presha, daktari. Baba hajawahi kuumwa hata kichwa."

Hajawahi kuumwa hata kichwa! Maneno hayo yamezika watu wangapi mtaani kwetu? Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi. Haina homa, haina kikohozi, haimwamshi mtu usiku. Inasukuma kuta za mishipa mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, mpaka misuli ya moyo inatutumka, figo zinachoka, na siku moja mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu wazima wapatao bilioni 1.4 wenye presha, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Wanacheza bao, wanaendesha bajaji, wanafungisha ndoa, wanasema hawajisikii kuumwa. Na wanasema kweli, hawajisikii.

Kwetu hali ni hiyohiyo, tena tumeambiwa zamani. Mwalimu wetu mstaafu, aliyefundisha baiolojia mpaka miwani ikawa mizito, ndiye aliyetukumbusha kwamba kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watu walipimwa hapa Ilala na kule Hai, Kilimanjaro. Waliokutwa na presha ya kupanda hawakufika hata mmoja katika kila watano kujua kwamba wanaumwa. Waliosema wanatibiwa walikuwa kama mmoja katika kumi. Na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa kweli hawakufika mmoja katika mia. Mmoja katika mia, jamani! Mwaka 2012 nchi nzima ikapimwa, watu wa miaka 25 hadi 64, ikaonekana takribani mmoja katika kila wanne ana presha. Tuhesabu hapa. Kwenye mabenchi haya mawili tumekaa kumi na wawili.

Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya uchungu wangu. Ya pili ndiyo iliyonileta.

Mzee aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya wiki mbili, mguu unaburuta kidogo, dawa kwenye mfuko wa khaki, na karatasi ya masharti. Punguza chumvi. Punguza mafuta. Kula mboga na matunda. Fanya mazoezi. Acha sigara. Karatasi ikabandikwa ukutani karibu na kalenda. Shemeji yetu, mke wa mzee, mwanamke mwenye mapenzi na mumewe kuliko wote ninaowajua, akafanya alichofundishwa na kila mtu: akaweka sufuria mbili jikoni. Sufuria kubwa ya familia, mchuzi wa samaki wa nazi na chumvi yake kama siku zote. Sufuria ndogo ya mgonjwa: samaki wa kuchemsha, maji matupu, bila ndimu, bila kitunguu, bila chochote. Mzee akawekewa mkeka wake pembeni ili asiitamani sahani ya wengine.

Siku ya kwanza alikula. Siku ya tatu akasema hana njaa. Wiki ya tatu akaja hapa kwa mkongojo, akapita kibanda cha mama ntilie, akaagiza wali maharage na samaki wa kukaanga, akavuta kopo la chumvi lililo mezani akanyunyiza kwa mkono wake mzima. Mama ntilie aliniambia baadaye, machozi yamemlengalenga, "Kaka yangu, nisingejua. Alikula kama mtu aliyetoka safari ya mbali."

Benchi zima likatoa hukumu: mzee hana nidhamu. Mxiuu! Nidhamu gani? Mtu aliyekula na watu wa nyumba yake kwa miaka arobaini, leo unampa chakula cha adhabu, unamtenga na sinia, halafu unashangaa anatoroka? Mzee hakushindwa na chumvi, alishindwa na upweke. Na wanawe wanaokula sufuria kubwa, wenye damu ileile ya baba yao, wanajenga presha yao kijiko kwa kijiko huku wakiangalia karatasi ukutani na kudhani inamhusu mtu mmoja.

Mwalimu akatikisa kichwa akasema jambo hili si geni. Mwaka 1939, kabla dawa za maana za presha hazijapatikana, daktari mmoja aitwaye Walter Kempner, kwenye Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani, aliwalisha wagonjwa wa presha kali wali, matunda na sukari, chumvi karibu hakuna. Wengi presha ilishuka, mioyo iliyotanuka ikarudi, macho yaliyokuwa yakiharibika yakapata nafuu. Chakula kilifanya kazi. Lakini kukivumilia ilikuwa kazi nyingine, wengi hawakuweza kuishi nacho. Pale hospitali mtu anasimamiwa. Nyumbani kuna harufu ya mchuzi wa wenzake.

"Ndiyo maana nasema," akadakia Mangi wa dukani, "hii presha ni ugonjwa wenu wa mjini. Kwetu Hai mtu anakula ndizi zake, anapanda mlima, hana habari na presha." Mwalimu akamtazama kwa upole. Akamwambia, "Mangi, huo utafiti niliousema ulipima na kwenu." Ilala walikutwa na presha takribani watatu katika kila kumi. Hai nako watatu katika kumi, na zaidi kidogo. Ukilinganisha umri kwa umri mji unazidi, maana vijijini wazee ni wengi, lakini huwezi kusema kijiji kimepona. Mangi alinyamaza muda mrefu. Mama yake yuko huko Hai, amevuka sabini, na hajapimwa.

Hata hivyo Mangi ana chembe ya ukweli, ila ukweli wake ni wa zamani. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu hospitali aliyokuwa akifanyia kazi Kavirondo Kusini, Kenya, upande wa Ziwa Viktoria. Miaka miwili, wagonjwa kama 1,800 walilazwa, na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Hata mmoja! Basi anayesema damu ya Mwafrika ndiyo ya presha, aende akaulize miaka ile presha ilikuwa imekwenda wapi.

Kisha miaka sitini baadaye, hukohuko upande wa ziwa, wakaja watafiti wengine. Waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na ndugu waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka 1990 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Waliohamia mjini presha ilianza kupanda ndani ya miezi michache. Siyo mmoja mmoja mwenye tamaa au mvivu, kundi zima lilisogea juu. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo: sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, imeongezeka, na potasiamu, ile ya kwenye mboga, matunda na mizizi, imepungua. Uzito nao umepanda. Watu walewale, damu ileile, umri uleule. Kilichobadilika ni sufuria.

Mnaona ninakokwenda. Kijana aliyepanda basi kwenda Nairobi hakuamua kupandisha presha. Alikula kinachouzwa pale alipokaa, pamoja na waliokula naye. Na kama presha inapanda kwa kundi, kwa nini kuishusha tumwachie mgonjwa peke yake kwenye mkeka wa pembeni?

Wachina walilijaribu hili kwa ukubwa ambao sijausikia kwingine. Vijiji 600, watu karibu 21,000, wengi wao walishawahi kupata kiharusi, na wengine wazee wenye presha. Nusu ya vijiji waliendelea na chumvi yao. Nusu nyingine walipewa chumvi ambayo robo yake imeondolewa sodiamu ikawekwa potasiamu, tena wakapewa ya kutosha nyumba nzima, siyo kijaluba cha mgonjwa. Hakuna aliyetengewa chungu. Bibi, mkwe, mjukuu, wote mchuzi mmoja. Baada ya karibu miaka mitano viharusi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 14, na vifo navyo vilipungua. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Nawatahadharisha hapo hapo: chumvi ya potasiamu haimfai kila mtu. Mwenye figo mbovu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, inaweza kumdhuru moyo, kwa hiyo asiinunue kabla ya kumuuliza daktari. Ila somo la sufuria moja halina madhara kwa yeyote.

Afrika Kusini wao walikwenda kwa sheria. Waliiandika mwaka 2013, ikaanza kazi katikati ya mwaka 2016: mkate, soseji, viungo vya pakiti na vitu vingine vya viwandani viwe na kiwango cha chumvi kisichopitwa. Mama wa Soweto anakata mkate uleule wa asubuhi, chumvi imeshapunguzwa kabla haujafika mezani kwake. Natamani siku moja tusimame tukidai hivyo na sisi. Lakini siku hiyo ikichelewa, jikoni kwetu hakuhitaji kikao cha Bunge.

Sasa tuseme chumvi yenyewe iko wapi, maana hapa ndipo tunapodanganyana. Kila nyumba ukiuliza utajibiwa, "Sisi chumvi tunatia kidogo tu." Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, tena hicho kimejumlisha kila kitu: ya kwenye ugali wa wanaoutia chumvi, mkate, chapati, ng'onda, papa, dagaa wa chumvi, viungo vya pakiti vya mchuzi, chipsi za jioni, kachumbari, korosho. Na kuna mgeni mmoja ambaye hakuna anayemtaja. Magadi! Yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi, kwenye mlenda uvute. Magadi ni sodiamu. Kwenye ulimi hayana ladha ya chumvi, lakini mwilini sodiamu ni ileile. Loweka maharage usiku, mwaga maji, asubuhi yataiva bila magadi.

Mimi nikafanya jambo moja nyumbani kwa mzee, nikiwa na ruhusa ya shemeji. Nyumba ina watu sita. Watu sita kwa gramu 5 ni gramu 30 kwa siku. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo ikifunguliwa, hata kama chumvi yote ya siku ingetoka humo tu, inapaswa kukaa siku kumi na sita na zaidi. Nikachukua kalamu nikaandika tarehe kwenye pakiti. Iliisha siku ya tisa. Shemeji alikaa kwenye kigoda akaishika ile pakiti tupu mikononi. "Shemeji," akaniambia, "na mimi niliapa natia kidogo." Hakuwa akisema uongo. Mkono una mazoea yake, hauhesabu. Nawasihi, leo mkirudi, andikeni tarehe kwenye pakiti. Na iwe ileile yenye madini joto, hiyo tusiiache, kinachopungua ni kipimo.

Siku ileile sufuria ndogo ilitundikwa ukutani.

Shemeji hakupika chakula cha hospitali kwa wote, angefanya hivyo watoto wangehamia kwa jirani. Alipunguza kidogo kidogo. Wiki ya kwanza robo ya chumvi ikatoka, na pengo likajazwa na vitu ambavyo pwani hii haijawahi kuvikosa: ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga, majani ya giligilani, embe bichi kwenye mchuzi wa samaki. Wanaotafuna kitunguu saumu kibichi asubuhi kama dawa, nawaambia, kizuri, ila mahali pake hasa ni ndani ya sufuria, pale ilipokuwa chumvi. Ulimi hujifunza. Wiki kadhaa zikipita, chakula ulichokiita chapwa kinakuwa na ladha, na kile cha zamani kinakuwa kikali. Binti yake mdogo alikuja kulalamika kwamba chipsi za pale stendi siku hizi zimekuwa za chumvi mno. Muuza chipsi hajabadilisha kitu.

Na kwenye sufuria tusitoe tu, tuongeze pia. Mwaka 1997 Marekani walichapisha utafiti ambao haukugusa kabisa kiwango cha chumvi. Waliongeza matunda, mboga, kunde na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, wakapunguza mafuta ya wanyama. Waliokuwa na presha, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 11, na mteremko ulionekana ndani ya wiki mbili. Wiki mbili! Baadaye walipopunguza na chumvi, ikashuka zaidi. Wenzetu wanavitafuta hivyo vyakula kwenye maduka ya bei mbaya, sisi vinatupigia hodi mlangoni juu ya kichwa cha mama muuza mboga: mchicha, tembele, kisamvu, maharage, kunde, choroko, viazi vitamu, parachichi, papai, chungwa, ndizi. Na tunavipita kwenda kununua soseji tukidhani tumependelea watoto.

Mangi hapo akatabasamu, kwa kuwa ndizi zimetajwa.

Suala la kutembea sitalisemea sana, maana kila mtu analijua na hakuna anayelifanya. Dakika 150 kwa wiki, nusu saa siku tano, mwendo wa mtu anayewahi kitu, pumzi ipande lakini uweze kuongea. Kutoka Ilala Boma hadi Kariakoo kwa miguu huimalizi nusu saa. Vijana wetu wanapanda bodaboda kutoka mlangoni hadi hapa kijiweni, halafu jioni wanalipia ukumbi wa mazoezi. Mzee ameanza na mzunguko mmoja wa uwanja wa shule, mjukuu kando yake, sasa ni mitatu. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo inayomtoka mtu aliyezidi, namba ya juu hushuka kama moja hivi. Kilo tano si nyingi, ila kwa mshipa wa ubongo zina maana.

Sigara haina mjadala. Kila moja inakaza mishipa, na mwenye presha anayevuta anaiita hatari kutoka pande mbili. Pombe nayo inapandisha, iwe ya chupa au ya kopo la mnazi, na anayepunguza anaona tofauti kwenye mashine. Usingizi tuuheshimu. Wanaokoroma mpaka pumzi inakatika usiku wakamwone daktari, kuna presha zinazotokea hapo.

Kuna ndugu zangu wa benchi la pili wanaosema presha ni mawazo, kodi na ada za shule zikiisha itashuka yenyewe. Mawazo yanaipandisha, sikatai. Lakini mawazo hayo tutakuwa nayo mpaka kaburini, na wenye utulivu wa moyo nao wanapooza. Ukimwambia mtu presha yake ni mawazo, umempa ruhusa ya kutopima.

Halafu hili la dawa, na hapa naomba mnisikilize kuliko kote. Yote niliyosema hayachukui nafasi ya dawa ya mtu aliyeandikiwa. Mtindo wetu ni kunywa mpaka mashine isome vizuri, kisha tunasema "imepona" na vidonge vinaenda kabatini. Haikupona, ilishikwa na dawa. Ukiiachia inapanda palepale, wakati mwingine kwa hasira. Sufuria ikibadilika na mwili ukibadilika, daktari mwenyewe ataona namba na anaweza kupunguza kidonge. Kupunguza ni kazi yake. Mtaani tumemzika mmoja, Mungu amrehemu, aliyebadilisha dawa kwa maji ya majani kwa ushauri wa mtu aliyemkuta kwenye daladala.

Na kupima tupime kama watu wanaotaka kujua. Mimi zahanati moja walinipima nimesimama, nimetoka kukimbilia foleni, kitambaa kikafungwa juu ya mkono wa koti, na aliyenipima ananiuliza habari za mtoto wangu. Ikasoma juu nikatishwa siku nzima. Mxiuu! Kupima kuna adabu yake. Nusu saa kabla, usivute na usinywe kahawa. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupishanishwa, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee, na anayekupima asikuongeleshe. Pima mara mbili. Siku moja ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usilie, rudia siku nyingine. Ikirudia kusoma hivyo, basi una jibu na una kazi.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita tulimwita yule kijana wa duka la dawa na mashine yake. Tulichanga wote, kahawa ikasimamishwa nusu saa, jambo ambalo muuza kahawa alilikubali kabla hatujamwomba. Mama ntilie alikuja akifuta mikono kwenye kanga, na nikaona meza zake hazina tena makopo ya chumvi. Anasema anayeitaka aombe, na siku nzima wanaoomba ni wachache. Vijana wawili wa bodaboda walisogea kwa kujivuta, wakisema wao bado wadogo. Mmoja ana miaka ishirini na tisa. Ikasoma 152 kwa 98. Mara ya pili 150 kwa 96. Hakusema kitu, alikwenda akakaa juu ya pikipiki yake akiwa ameishika kofia mapajani, na Mwalimu akamfuata. Jumatatu amekwenda kituo cha afya, nimemwona na kadi.

Mzee alifika wa mwisho, mjukuu upande mmoja, mkongojo upande wa pili. Akaketi pembe yake ya kushoto, akaegemea mwembe. Nikataka kumsalimia, akainua kidole cha mkono wa kulia, ule uliodondosha kete, akasema kwa taabu lakini kwa sauti inayoeleweka, "Dakika tano. Nyamazeni."

Na kijiwe hiki, ambacho hakijawahi kunyamaza hata mvua ikinyesha, kikanyamaza. Tukasikia kunguru juu ya mwembe, tukasikia mkaa unavyopasuka. Mashine ikavuta upepo, ikakaza, ikaachia. 138 kwa 86. Kijana akasubiri, akapima tena. 136 kwa 84. Akaandika kwenye daftari.

"Bado kidogo, Babu," akamwambia. "Na dawa unameza?"

"Nameza."

"Na chakula?"

Mzee akamtazama mjukuu amjibie. Mtoto akasema wanakula wote, sinia moja, na pakiti ya chumvi imefika siku ya kumi na tisa bado ipo. Mangi akasimama, akaenda pembeni chini ya ukuta wa duka lake kupiga simu. Tulimsikia akisema, "Mama, shikamoo. Kesho namtuma mtoto akupeleke zahanati. Hapana, Mama, najua huumwi."

Mzee akachota kete kwa mkono wa kulia. Moja ikamponyoka. Mjukuu akainama akamwokotea, na mchezo ukaanza.